Namna ya Kumpata Mfalme Mmoja wa Kuwasemea Wapolandi Wote

Ipo siku, ndugu msomaji, utakaa meza moja na Wapolandi. Usidhani ni jambo la mbali. Kwa miongo mingi vijana wa Kiafrika wamekuwa wakianzia mjini Łódź kujifunza Kipolandi kabla ya kuingia vyuo vikuu vya huko. Wapolandi nao si wageni kwetu. Mwandishi wao mashuhuri, Henryk Sienkiewicz, alifika Unguja na Bagamoyo mwaka 1891, na wakati wa Vita Kuu ya Pili wakimbizi wao wapatao 5,000 waliwekwa kambini Tengeru, nje kidogo ya Arusha, ambako makaburi yao yapo hadi leo. Mtakutana tu.

Mkiwa mezani, supu imeondolewa na keki haijafika, mtu atakugeukia na kusema: "Wewe umetoka mbali, huna upande. Katika wafalme wetu wote, yupi hasa ndiye sisi?" Usifurahie heshima hiyo. Mgeni huulizwa pale wenyeji waliposhindwa kuelewana. Na kundi la kuchagulia ni kubwa: tangu mtawala wao wa kwanza anayejulikana vizuri alipobatizwa mwaka 966 hadi wa mwisho alipojiuzulu mwaka 1795, ni zaidi ya miaka 800. Ukisema "sijui," watakuhadithia wote, mmoja baada ya mwingine, na basi la mwisho litakuacha.

Mwongozo huu umeandikwa ili usiachwe na basi.

Vifaa vinavyohitajika

*Noti za złoty.* Zipo sita, na kila moja ina mtawala wake. Mieszko wa Kwanza yuko kwenye noti ya 10, Bolesław Chrobry kwenye 20, Kazimierz Mkuu kwenye 50, Władysław Jagiełło kwenye 100, Zygmunt Mzee kwenye 200 na Jan Sobieski kwenye 500. Wavivu huishia hapa: wanampa taji mwenye noti kubwa. Kwa hesabu hiyo Sobieski mmoja ni sawa na Mieszko hamsini. Lakini fahamu kwamba noti ya 500 ilitoka mwaka 2017 tu. Kabla ya hapo aliyeongoza ni Zygmunt Mzee, ambaye alishushwa cheo akiwa kaburini kwa zaidi ya karne nne na nusu, bila kosa lolote jipya. Fahamu pia kwamba Mieszko hakuwahi kuvikwa taji la ufalme. Alikuwa mtawala asiye mfalme, ila benki kuu haikuona sababu ya kumnyima noti kwa jambo dogo kama hilo.

*Nakala ya michoro ya Jan Matejko.* Huyu ndiye mchoraji aliyewapa Wapolandi sura za wafalme wao. Kati ya mwaka 1890 na 1892 alichora kwa penseli watawala 44, na hadi leo Mpolandi ukimtajia Bolesław fulani, anayemwona kichwani ni yule wa Matejko. Wengi wao hawakuacha picha yoyote ya uso, kwa hiyo Matejko aliwatengenezea pua na ndevu kwa makadirio. Kazimierz Mkuu alipata bahati: kaburi lake lilifunguka kwa ajali wakati wa ukarabati wa mwaka 1869, na Matejko akaenda kumchora alivyo, yaani mifupa na taji. Tia akilini kwamba Matejko alifanya kazi hii wakati nchi yenyewe haikuwepo kwenye ramani, imegawanywa na Urusi, Prussia na Austria. Mtu asiye na nchi huchora wafalme kwa makini sana.

*Glasi ya chai yenye kipande cha limau.* Ni ya kushika wakati wengine wanapandisha sauti.

*Jibu.* Ndiyo, jibu unakuja nalo kutoka nyumbani. Anayeanza na ushahidi hulazimika kwenda ushahidi unakompeleka, na huko huenda hakuna aliyemwalika.

Hatua ya kwanza: amua Wapolandi ni watu gani, ndipo utafute mfalme

Wengi hukosea kwa kuanza na mfalme. Anza na sifa. Ukitaka kusema Wapolandi ni wajenzi, mtu wako ni Kazimierz. Ukitaka kusema ni mashujaa, chukua Sobieski. Ukitaka wacha Mungu, yupo Jadwiga. Ukitaka watu wa kuonewa, Stanisław August Poniatowski anakusubiri na macho yake ya majonzi. Ukitaka watu wanaopenda kula, August wa Tatu tayari ameshafungua mkanda.

Njia hii ndiyo inayotumiwa na wanasiasa, waandishi wa vitabu vya shule na wajomba kwenye harusi, na haijawahi kumwangusha mtu. Lakini kwa kuwa utataka kuonekana umefanya utafiti, pitia vipimo vifuatavyo hata kama jibu unalo mfukoni.

Hatua ya pili: pima damu, kisha uache mara moja

Mtu atasema, kwa haki kabisa, kwamba anayewakilisha Wapolandi sharti awe Mpolandi. Mwitikie kwa kichwa, halafu muanze kuhesabu pamoja.

Jagiełło wa vita vya Grunwald? Mlithuania. Alifika Kraków mwaka 1386 akiwa mpagani, na ndani ya wiki chache akabatizwa, akaoa na kuvikwa taji. Stefan Batory, aliyemshinda Ivan wa Kutisha wa Urusi? Alitoka Transylvania, na raia zake alizungumza nao kwa Kilatini. August wa Pili na mwanawe August wa Tatu? Wajerumani wa Saksonia. Zygmunt wa Tatu? Mswidi wa ukoo wa Vasa aliyekaza kudai kiti cha Uswidi hadi nchi zote mbili zikaingia vitani kwa vizazi. Huyu wa mwisho ndiye aliyesimamishwa juu ya nguzo katikati ya Warszawa mwaka 1644. Wajerumani waliiangusha nguzo hiyo mwaka 1944, na Wapolandi wakairudisha mwaka 1949, wakiwa bado wanazoa vifusi vya mji wao. Aliye juu kuliko wote katika mji mkuu wa Polandi, basi, ni Mswidi.

Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Makabaila wa Polandi waliuchukulia msemo kama huo kwa uzito kuliko taifa lolote la Ulaya. Na hata wao wenyewe ukiwauliza asili yao, katika karne ya 17 walijinasibu na Wasarmatia, watu wa kale wa nyika za mashariki, kwa sababu kuwa mtu wa hapahapa kulikuwa ni jambo la wakulima.

Kipimo cha damu kikikushinda, usione haya. Kimewashinda wenye damu yenyewe.

Hatua ya tatu: pima ushindi, lakini usiulize kilichofuata

Hapa wapo wawili wakubwa.

Wa kwanza ni Jagiełło. Tarehe 15 Julai 1410, huko Grunwald, jeshi lake la Wapolandi na Walithuania liliwavunja watawa-askari wa Kijerumani wa Shirika la Kitutoni, na mkuu wao akafia uwanjani. Matejko aliuchora ushindi huu kwenye turubai lenye upana wa karibu mita 10. Ukifika kwenye sifa hii, malizia hapohapo. Usimwache mtu akaendelea hadi kwenye ngome ya Malbork, ambayo jeshi hilohilo liliizingira na kushindwa kuitwaa, wala hadi mkataba wa Toruń wa mwaka 1411, uliowapa washindi mapato haba.

Wa pili ni Jan Sobieski. Tarehe 12 Septemba 1683 aliongoza shambulio la wapandafarasi lililovunja mzingiro wa Waturuki wa Osmani nje ya Vienna. Shambulio hilo linajulikana. Kinachojulikana kidogo ni kilichotokea usiku ule. Mshindi wa Vienna aliketi ndani ya mahema ya waziri mkuu wa Waturuki akamwandikia barua mkewe Mfaransa, Maria Kazimiera, ambaye alimwita Marysieńka. Katika barua hiyo anamhesabia nyara kama mtu aliyerudi sokoni. Anamwambia kwamba hatamsuta kama wake wa Kitatari wanavyowasuta waume wanaorudi mikono mitupu. Anamsimulia pia habari za mbuni mzuri ajabu, ambaye waziri yule aliamuru akatwe kichwa kabla hajakimbia, ili asiangukie mikononi mwa adui. Ulaya nzima inashangilia, na mzee anamsikitikia mbuni.

Kwa barua hizi pekee Sobieski anastahili kura nyingi. Kasoro yake ni moja: mji aliouokoa ulikuwa mji mkuu wa Austria, na chini ya miaka 90 baadaye, mwaka 1772, Austria ilikaa meza moja na Urusi na Prussia kuigawana Polandi. Kumchagua Sobieski ni kusema kwamba Wapolandi huokoa majirani wasiolipa. Wapo watakaopiga meza na kusema, "Ndiyo! Ndiyo hasa sisi!" Ukiona hivyo, andika kura.

Hatua ya nne: pima majengo, lakini usiulize habari za ndoa

Kazimierz Mkuu, aliyetawala kuanzia 1333 hadi 1370, ni mgombea wa watu wenye busara. Husemwa kwamba aliikuta Polandi ya miti akaiacha ya mawe. Alijenga ngome na kuta za miji, akaandika sheria, akathibitisha haki za Wayahudi, na mwaka 1364 akaanzisha chuo kikuu mjini Kraków. Makabaila walimwita kwa dharau mfalme wa wakulima, na dharau hiyo imegeuka kuwa sifa yake kubwa kuliko zote. Katika meza ya walimu, wahandisi na mafundi waashi, mtaje huyu na utapewa kipande kikubwa cha keki.

Tatizo ni nyumbani. Kazimierz alioa mara kadhaa, na katikati ya miaka hiyo aliingia katika mitala iliyowakera sana maaskofu, kwani mke mmoja alikuwa bado hai, amewekwa kando, na mwingine tayari kaletwa. Pamoja na juhudi zote hizo hakupata mtoto wa kiume wa kurithi kiti. Mwaka 1370 alianguka kutoka juu ya farasi akiwa mawindoni, akafa, na ufalme ukaenda kwa mpwa wake, mfalme wa Hungaria. Alijenga kila kitu isipokuwa nasaba.

Hatua ya tano: pima utakatifu, na ujue sheria za sarufi

Jadwiga alivikwa taji mwaka 1384 akiwa na umri wa miaka kama kumi. Sheria haikumtambua malkia mtawala, basi wakamvika taji kama mfalme, kwa cheo cha kiume, na tatizo likaisha. Kwa hiyo yeyote atakayekuambia "Jadwiga hahesabiki, si mfalme," mjibu kwamba karatasi zinasema ni mfalme. Alifariki mwaka 1399, ameacha vito vyake vitumike kufufua chuo kikuu cha Kraków, na mwaka 1997 Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza mtakatifu. Amani na Lithuania, elimu na utakatifu: sifa zote tatu kwa mtu mmoja. Hata hivyo, kwenye zile noti sita hayupo.

Ukiona meza imeelekea kwenye dini, kuna jibu lenye nguvu zaidi. Mwaka 1656, nchi ikiwa imefurikwa na majeshi ya Waswidi, Mfalme Jan Kazimierz alikula kiapo katika kanisa kuu la Lwów na kumtangaza Bikira Maria kuwa Malkia wa Polandi. Hilo linampa Maria utawala mrefu kuliko wa mwingine yeyote kwenye orodha, na hakuna wa kumpinga kwa sauti. Jan Kazimierz mwenyewe alijiuzulu mwaka 1668, akahamia Ufaransa, akawa abati mjini Paris. Akapumzika.

Hatua ya sita: pima huzuni, lakini kwa muda mfupi

Mfalme wa mwisho, Stanisław August Poniatowski, alichaguliwa mwaka 1764 kwa msaada wa Ekaterina wa Pili wa Urusi, ambaye aliwahi kuwa mpenzi wake. Aliwalisha washairi na wasomi kila Alhamisi, akasimamia Katiba ya tarehe 3 Mei 1791, na akaiona nchi ikigawanywa mwaka 1772, tena 1793, tena 1795, hadi ikaisha. Alifariki Petersburg mwaka 1798. Mwaka 1938 Wasovieti walirudisha jeneza lake kwa sababu kanisa alimolazwa lilikuwa libomolewe. Serikali ya Polandi ikaona aibu kumpokea hadharani, ikampeleka kimyakimya kijijini Wołczyn alikozaliwa. Baada ya vita mipaka ikahama, na Wołczyn ikajikuta Belarusi. Alizikwa Warszawa mwaka 1995, karibu miaka 200 baada ya kifo chake.

Mfalme huyu ana wapenzi wengi, na kila mmoja anamlaumu. Usimtaje kama mmekwisha kunywa zaidi ya chai.

Hatua ya saba: pima tumbo, ili meza icheke

Kabla ya kutoa uamuzi, legeza hali. Taja August wa Pili, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kuvunja viatu vya farasi kwa mikono mitupu. Mwili wake umezikwa Kraków na moyo wake ukarudishwa Dresden, kila upande ukapata fungu lake. Taja mwanawe August wa Tatu, ambaye enzi yake Wapolandi huikumbuka kwa msemo wa kula, kunywa na kulegeza mkanda. Katika miaka yake 30 kitini, Bunge lililomaliza kazi yake bila kuvunjika ni moja tu, la mwaka 1736. Taja Stanisław Leszczyński, aliyepewa kiti mara mbili na kukipoteza mara mbili, kisha akaishia kuwa mtawala wa Lorraine kwa hisani ya mkwewe, mfalme wa Ufaransa. Huko keki iitwayo "baba" husimuliwa kwamba ilibuniwa mezani kwake.

Wakiwa bado wanacheka, toa jibu.

Hatua ya nane: toa jibu

Jibu ni Henryk Walezy.

Hapa pana ukimya, halafu kelele. Shika glasi yako.

Henryk Walezy, yaani Henri de Valois, ni Mfaransa aliyechaguliwa mwaka 1573, baada ya ukoo wa Jagiełło kukosa mrithi wa kiume. Makabaila kwa makumi ya maelfu walikusanyika kwenye uwanda karibu na Warszawa, kila mmoja na haki yake ya kupiga kura. Katika majina yaliyopita mbele yao lilikuwemo hata la Ivan wa Kutisha. Wakamchagua Henryk, kijana aliyekuwa na umri wa miaka 21, ambaye mwaka mmoja kabla nchi yake ilikuwa imewachinja Waprotestanti usiku wa Mtakatifu Bartholomayo. Kwa kuwa hawakuwa wajinga, hawakumpa kiti hivihivi. Walimwandalia karatasi.

Karatasi hiyo, inayojulikana kama Vifungu vya Henryk, ilisema kwamba kiti cha enzi hakirithiwi. Bunge sharti liitwe angalau kila baada ya miaka miwili. Hakuna kodi mpya bila ridhaa. Maseneta 16 wateuliwe kukaa na mfalme kwa zamu, wamshauri na kumwangalia. Hata kuoa, sharti aulize kwanza. Amani kati ya madhehebu, iliyokubaliwa Januari ya mwaka huohuo, ilindwe. Na mfalme akivunja masharti, raia wamefunguliwa kutoka katika utii wao. Haya yaliandikwa wakati sehemu kubwa ya Ulaya ilikuwa ikiwafundisha watu kwamba mfalme hujibu kwa Mungu peke yake.

Alivikwa taji Kraków mwezi Februari 1574. Inasimuliwa kwamba katikati ya ibada alitaka kukiruka kipande cha kiapo kinachohusu amani ya dini, na mkuu mmoja wa Kiprotestanti akamkatiza mbele ya madhabahu: usipoapa, hutatawala. Akaapa. Mwezi Juni zikafika habari kwamba kaka yake, mfalme wa Ufaransa, amefariki. Usiku wa tarehe 18 Henryk aliagana na watu kana kwamba anakwenda kulala, kisha akatoka kisirisiri na kupanda farasi kuelekea mpakani. Karibu na Oświęcim, wanasimulia, ofisa wa mahali hapo alimfuata akipiga kelele kwa Kilatini: Mtukufu Mfalme, mbona unakimbia? Mfalme hakujibu, alikuwa na shughuli. Waliomfikia baada ya mpaka walimsihi arudi, akaahidi kurudi. Ahadi ni deni, na deni hilo halijalipwa.

Alitawala miezi minne. Hakujenga, hakushinda vita, hakuijua lugha, na Anna Jagiellonka, aliyetarajiwa amwoe na aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka 27, akabaki anamngoja. Hata Vifungu vyenye jina lake alivizungushazungusha, akaondoka bila kuvithibitisha ipasavyo. Aliyekuja kuvikubali ni Stefan Batory mwaka 1576, na baada yake kila mfalme aliyechaguliwa. Lakini hapo ndipo penye hoja yako, na uiseme polepole: katika wafalme wengine wote unaona mtu mmoja alifanya nini. Kwa Henryk, kwa sababu yeye hakufanya kitu, unaona Wapolandi walitaka nini. Walitaka mfalme anayeweza kuambiwa hapana. Yeye aliondoka, karatasi ikabaki, na karatasi hiyo ilitawala Polandi kwa muda mrefu kuliko ukoo wowote uliokuja baada yake.

Ukipingwa

Utapingwa. Majibu ni haya.

*"Alikuwa Mfaransa."* Rudi hatua ya pili. Kumbusha pia kwamba hata Katiba ya 1791, ilipokata shauri kwamba sasa kiti kirithiwe, iliwaachia urithi huo watawala wa Saksonia.

*"Alikimbilia Paris."* Adam Mickiewicz naye alichapishia Paris utenzi mkuu wa taifa, *Pan Tadeusz*, mwaka 1834, na Chopin amezikwa Paris. Henryk alitangulia tu kuijua njia.

*"Vifungu hivyo ndivyo vilivyotuua."* Huyu amesoma, mheshimu. Ni kweli kwamba jamii iliyozoea kumwambia mfalme hapana ilifika mahali pa kuambiana hapana. Mwaka 1652 mbunge mmoja, peke yake, aliweza kulivunja Bunge zima kwa kukataa. Desturi hiyo ilinoga hadi majirani wakaona ni rahisi kumhonga mtu mmoja kuliko kulishinda jeshi. Lakini swali lilikuwa nani anawawakilisha, si nani aliwafaa. Mwakilishi mzuri huja na ugonjwa wa familia pia.

*"Waliochagua walikuwa makabaila. Babu yangu alikuwa mkulima aliyefungwa kwenye shamba la bwana, na hakuulizwa."* Hapa huna jibu, na usijitie unalo. Makabaila hawakufika hata sehemu moja ya kumi ya watu, na uhuru wao waliula juu ya mgongo wa mkulima. Wapolandi wengi wa leo ni wajukuu wa huyo mkulima. Mpe Kazimierz, mfalme wa wakulima, na umkaribishe keki.

*"Mimi sikubali tu."* Huyu usimjibu. Amekuthibitishia hoja yote kwa maneno matatu.

Kifungu cha mwisho

Kwa kuwa haifai kuwasifu watu kwa karatasi kama ile na sisi tukawaamrisha wasomaji bila masharti, mwongozo huu nao unakubali kufungwa. Mwandishi hataongeza hatua mpya bila ridhaa yako. Hatamrithisha mwanawe haki ya kuuhariri. Ikithibitika kwamba amempendelea mfalme yeyote kwa sababu ya noti, au amekuficha Bolesław mmoja kati ya wengi waliopo, umefunguliwa kutoka katika utii wako, na unaweza kumchagua Sobieski, mbuni na vyote, bila kumwomba mtu radhi. Kinachokatazwa ni kimoja: kuaga kana kwamba unakwenda kulala, kisha kutorokea mlango wa nyuma kabla keki haijaletwa.